Hifadhi ya spektra ya ESO: maoni ya mwalimu wa fizikia aliyeitumia kutazama kromosfia za nyota

Kama unafundisha fizikia, unasoma chuo, au una kompyuta mpakato tu na hamu ya kujua nyota zinavyoishi, kuna huduma ya bure ambayo kwetu haijulikani inavyostahili. Ni hifadhi ya data ya ESO, shirika la nchi za Ulaya la uchunguzi wa anga la kusini. Ofisi zake kuu ziko Garching, karibu na Munich, na darubini zake ziko Chile. Mimi nafundisha kidato cha tano na sita hapa Lindi, na nimeitumia hifadhi hii kwa kazi moja: kupima uchangamfu wa kromosfia za nyota kwa spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) zenye mchanganuo mkubwa. Nitaitathmini kwa kazi hiyo. Picha za nebula na galaksi zimo pia, tena nzuri, ila mwenye kuzitafuta atasaidiwa zaidi na mtu mwingine.

Nianze na kitu chenyewe, kwa sababu asiyejua anachotafuta ataingia kwenye hifadhi hii na kutoka mikono mitupu.

Juu ya uso wa Jua tunaouona, yaani fotosfia, kuna tabaka jembamba la gesi liitwalo kromosfia. Ajabu yake ni joto. Fotosfia ina takriban kelvini 5,800. Ukipanda, joto linashuka hadi kama 4,400, kisha badala ya kuendelea kushuka linageuka na kupanda, hadi kelvini 10,000 na zaidi. Nishati inayolipandisha inahusiana kwa karibu na sumaku ya nyota. Ndiyo maana ukiisoma kromosfia ya nyota unapata habari za sumaku yake, za kasi ya kujizungusha kwake, na kwa kukadiria, hata za umri wake. Nyota changa hujizungusha haraka, sumaku yake ni kali na kromosfia yake inawaka. Kadiri inavyozeeka, upepo wake wenye sumaku unaipunguzia mwendo, na kromosfia nayo inatulia.

Kwa Jua unaweza kuiona kromosfia kwa macho wakati wa kupatwa kikamilifu: ule ukingo mwembamba mwekundu. Nyota nyingine kwetu ni nukta, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuuchambua mwanga wake. Mahali pa kuangalia ni mistari miwili ya kalsiamu iliyopoteza elektroni moja, K kwenye nanomita 393.37 na H kwenye 396.85, huko kwenye zambarau ambako jicho linaishiwa nguvu. Kwenye grafu ni mabonde mapana na yenye kina. Kingo za bonde zinatoka kwenye fotosfia, lakini sakafu yake inatoka juu, kwenye kromosfia. Kromosfia ikichangamka, katikati ya sakafu hiyo panainuka kilima. Gustav Eberhard na Karl Schwarzschild waliona vilima hivyo kwenye nyota na kuviandika mwaka 1913, kwa vioo vya picha vya enzi zile.

Sasa huduma. Ukurasa wa kuingilia ni archive.eso.org/scienceportal. Unaandika jina la nyota, ramani ya anga inajifungua, na pembeni kuna vichujio: aina ya data, chombo, tarehe, ubora, yaani mwanga wa nyota unavyoizidi kelele ya kipimo. Kwa kromosfia mimi nachagua spektra, kisha chombo kiitwacho HARPS. Hiki ni spektrografu kilichofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla tangu 2003. Kimewekwa ndani ya tangi lisilo na hewa ili joto na mgandamizo visikitikise, na mchanganuo wake ni takriban 115,000. Maana yake, kwenye mstari wa K kinaweza kutenganisha rangi mbili zilizoachana kwa nanomita 0.0034. Kilima cha kromosfia kinaonekana kizima, na mara nyingi unaona hata kile kijibonde kidogo kilichokaa juu ya kilima, pale gesi ya juu zaidi inapofyonza mwanga wa gesi iliyo chini yake.

Data iliyo wazi haina ada. Mtafiti aliyeomba muda wa darubini kwa kawaida anapewa mwaka mmoja wa kuimiliki peke yake, kisha inakuwa ya kila mtu, wa Garching na wa Lindi. Faili moja ya HARPS iliyokwisha kusafishwa ina kama megabaiti 5, chini ya video nyingi tunazorushiana WhatsApp. Hili ni jambo kubwa kwa anayenunua bando. Ramani ya anga ndiyo inayokula zaidi, kwa hiyo ukishajua namba za nyota zako usikae hapo unaizungushazungusha. Na kabla ya kupakua unaweza kubofya ukaona mchoro wa spektra yenyewe, ukajua kama inafaa au la.

Nyota ya kwanza niliyowaonyesha wanafunzi ni Epsilon Eridani, ambayo kwenye orodha nyingi utaikuta kama HD 22049. Nina sababu ya kuipenda. Iko umbali wa miaka ya nuru 10.5, inaonekana kwa macho matupu, na mahali ilipo angani ni digrii 9.5 kusini mwa ikweta ya anga. Lindi tuko digrii 10 kusini. Kwa hiyo katikati ya Januari, kama saa mbili na nusu usiku, mawingu yakiruhusu, nyota hii inapita karibu kabisa na utosi wetu. Ni ndogo kidogo kuliko Jua na ni changa, umri wake chini ya miaka bilioni moja, na inajizungusha mara moja kwa siku 11 hivi. Jua linachukua takriban siku 25 kwenye ikweta yake.

Nikaiweka kwenye grafu moja na Tau Ceti, yaani HD 10700, jirani yetu mwingine aliye mkimya. Darasa zima likaona tofauti bila maelezo. Kwenye Tau Ceti sakafu ya bonde la K imekaa chini, na katikati kuna alama hafifu tu. Kwenye Epsilon Eridani kilima kimesimama.

"Mwalimu, huu mwanga ni wa nyota yenyewe, au ni mchoro wa kitabu?" aliniuliza binti mmoja wa kidato cha sita.

Nikamwambia ni wa nyota yenyewe, na tarehe uliyoingia darubini imeandikwa kwenye faili. Akaomba kuiona hiyo tarehe. Tukafungua kichwa cha faili, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwake, akaisoma mwenyewe, saa, dakika na sekunde. Mada ya fizikia ya atomu tunaifundisha miaka yote kwa michoro ya ngazi za nishati ubaoni, kwa sababu shule nyingi hazina taa za gesi wala kipima spektra. Hapa mwanafunzi ana mstari halisi wa ioni halisi, na anaweza kuupima kwa mkono wake. Kwangu hii peke yake inatosha kuipa huduma hii alama za juu.

Kupima kwenyewe kunafuata njia iliyoachwa na Olin Wilson. Mwaka 1966 alianza kupima mistari ya H na K ya nyota zinazofanana na Jua huko Mount Wilson, California, akitaka kujua kama nazo zina mzunguko kama ule wa madoa ya Jua wa miaka 11. Mradi ulirithiwa na wengine na ukaendelea hadi 2003. Fahirisi yao inaitwa S. Unajumlisha mwanga ulio kwenye vitovu vya H na K, kila kimoja kwa dirisha la umbo la pembetatu lenye upana wa nanomita 0.109, kisha unagawa kwa mwanga wa madirisha mawili mapana ya nanomita 2, moja upande wa zambarau kwenye 390.1 na jingine upande wa pili kwenye 400.1. Nilipokaa na namba hizi nikaona uzuri wake. Katikati ya H na K ni 395.1, na katikati ya madirisha yale mawili ni 395.1 pia. Spektra yako ikiwa imeinama upande mmoja kwa sababu ya hewa au ya chombo, mwinamo huo karibu wote unajifuta wenyewe kwenye mgawanyo. Kwa spektra za HARPS, ambazo nguvu ya mwanga wake haijapimwa kwa vipimo kamili, mpangilio huu ni msaada mkubwa.

Kwa Jua, S inacheza kati ya takriban 0.16 na 0.18. Tau Ceti iko 0.17 na imekaa hapohapo miaka nenda rudi. Epsilon Eridani iko karibu na 0.5, na inapanda na kushuka: Travis Metcalfe na wenzake mwaka 2013 walieleza kuwa ina mizunguko miwili kwa pamoja, mmoja wa takriban miaka 3 na mwingine wa takriban 13. Vipimo vya Mount Wilson navyo vimewekwa wazi kwa umma, na ninawashauri watu wavitazame, ila chombo chao kilihesabu mwanga wa madirisha yale manne tu. Unapata namba, umbo la mstari hulipati. Hifadhi ya ESO inakupa mstari mzima, na kwa mtu anayejifunza ningechagua mstari.

Nifike kwenye yale yanayohitaji umakini, maana huduma hii inakupa mwanga uliopangwa vizuri na inakuachia hesabu zote.

La kwanza ni mwendo wa nyota. Faili za HARPS zimekwisha kuondolewa mwendo wa Dunia kulizunguka Jua, lakini mwendo wa nyota yenyewe bado umo. Epsilon Eridani inatukimbia kwa kilomita 16.4 kwa sekunde, na Tau Ceti inatujia kwa takriban 16.6. Kwa kanuni ya Doppler, mstari wa K wa ile ya kwanza unasogea nanomita 0.0215 upande wa nyekundu, na wa ile ya pili karibu kiasi hichohicho upande wa zambarau. Dirisha lako lina upana wa 0.109. Usiposahihisha, kilima kinakaa pembeni ya pembetatu, S inatoka ndogo kuliko ilivyo, na unazilinganisha nyota mbili zilizokosewa pande tofauti. Namba za mwendo zinapatikana kwa urahisi; zitumie kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu angalia kichwa cha faili kinasemaje kuhusu urefu wa mawimbi, kama ni wa hewani au wa ombwe. Faili za HARPS nilizozitumia mimi ni za hewani. Kwenye mstari wa K tofauti ya mizani hizo mbili ni kama nanomita 0.11, yaani upana mzima wa dirisha lako. Ukichanganya, unapima ukingo wa bonde huku unadhani unapima kilima.

Kelele nayo ni suala zito. Ubora unaoonyeshwa kwenye jedwali la matokeo ni wa spektra kwa ujumla, ilhali H na K ziko karibu na mwisho wa zambarau wa HARPS, ambacho kinaanzia nanomita 378 na kuishia 691. Huko mwanga ni mchache, hasa kwa nyota baridi. Kwa nyota kibete nyekundu kama Proxima Centauri, spektra inayopendeza kwenye nyekundu inaweza kuwa kelele tupu kwenye K. Kwa nyota za aina hiyo natumia mstari wa hidrojeni alfa kwenye 656.28, ambao kwa Proxima umesimama juu ya mwanga unaouzunguka, hauhitaji jicho la mtaalamu. Hata kwa nyota angavu, ukipata nafasi ya kuchagua kati ya H na K kwa kutazama umbo, chagua K. Jirani ya H, kwenye 397.0, kuna mstari wa hidrojeni epsilon, na kwenye nyota zilizochangamka sana huo nao unaweza kuinuka na kukuchanganya.

Mistari mitatu ya kalsiamu iliyo kwenye infraredi, 849.8, 854.2 na 866.2, usiitafute kwenye HARPS. Iko nje ya masafa yake. Chuja kwa FEROS, spektrografu kingine cha La Silla kinachofika nanomita 920. Mchanganuo wake ni 48,000, chini ya nusu ya HARPS, lakini kwa mistari hiyo unatosha.

Na kuna mwaka 2015. Katikati ya mwaka huo nyuzi za kioo zinazopeleka mwanga kwenye HARPS zilibadilishwa, na umbo la mistari kwenye chombo likabadilika kidogo. Anayetafuta sayari anaujua mpaka huu vizuri. Wewe unayefuatilia kromosfia kwa miaka mingi, weka alama ya rangi tofauti kabla na baada, uone kama kuna ngazi ambayo haikutoka kwenye nyota. Pia S yako itakuwa kwenye mizani ya HARPS. Ukitaka kuilinganisha na ya Mount Wilson lazima upime nyota kadhaa zilizomo kwenye orodha zote mbili na kutafuta uhusiano wa mstari mnyoofu kati yake.

Upungufu ambao hesabu haiwezi kuuziba ni huu: data hizi hazikukusanywa kwa ajili ya kromosfia. Wengi walioomba HARPS walikuwa wanawinda sayari, na mwindaji wa sayari anapenda nyota tulivu. Kwa hiyo Tau Ceti ina spektra kwa maelfu, huku nyota changa nyingi zenye vurugu, ambazo mimi ndizo ninazozitamani, zina chache. Tarehe nazo zinarundikana msimu mmoja na kuacha pengo refu. Mwenye kutaka mzunguko wa miaka kumi uliopimwa kwa utaratibu, msimu hadi msimu, atavunjika moyo kwa nyota nyingi. Na za kaskazini hazimo: 61 Cygni A, yenye mzunguko mzuri wa takriban miaka 7 ambao ningependa sana kuuonyesha darasani, iko digrii 38 kaskazini, na La Silla haiifikii vizuri.

Lakini uwazi wa data umewahi kufanya kazi ambayo chombo peke yake kisingeifanya. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa Alpha Centauri B ina sayari inayoizunguka kwa siku 3.24, kutokana na vipimo vya HARPS. Mtikisiko wa nyota uliodhaniwa kusababishwa na sayari hiyo ulikuwa wa nusu mita kwa sekunde, ulioibuliwa baada ya kuondoa athari za uchangamfu wa nyota. Mwaka 2015 Vinesh Rajpaul na wenzake wakazipitia namba zilezile na kuonyesha kuwa dalili ile ilizaliwa na mpangilio wa tarehe za vipimo, si na sayari. Nawasimulia wanafunzi kisa hiki kila ninapofundisha makosa ya vipimo. Wanaelewa haraka kwamba kromosfia ni zaidi ya pambo la nyota, kwa sababu asiyeijua anaweza kuona sayari isiyokuwepo, na kwamba aliyekagua aliweza kukagua kwa kuwa namba hazikufungiwa kabatini.

Kuhusu vifaa: simu haifai. Ukurasa unafunguka, lakini faili zenyewe ni za FITS, muundo wa data wa wanaanga, na zinahitaji programu. Mimi natumia Python na maktaba ya astropy, vyote bure, kwenye kompyuta ya kawaida ya miaka mingi. Asiyetaka kuandika hesabu ya S mwenyewe anaweza kutumia ACTIN, programu ya wazi iliyotolewa na João Gomes da Silva na wenzake mwaka 2018 kwa kazi hiihii. Ni nzuri, ila ningeomba mwanafunzi aandike ya kwake kwanza, hata mistari ishirini tu, ndipo alinganishe. Maelezo ya hifadhi yote ni ya Kiingereza, tena cha wataalamu, na hapo ndipo mwalimu anapohitajika akae karibu.

Alama zangu: kwa kuona kromosfia na kujifunza kuipima, tano kwa tano. Kwa kufuatilia mizunguko ya miaka mingi, tatu. Anayeanza apakue spektra mbili, HD 22049 na HD 10700, achague zenye ubora zaidi ya 100, asahihishe mwendo, kisha achore kuanzia nanomita 392.5 hadi 394.5 pekee. Akishaziona hizo mbili juu ya grafu moja, atafute spektra za sayari ndogo Vesta. HARPS iliitazama mwaka 2011, na mwanga unaorudi kutoka kwenye mwamba ule ni wa Jua letu, kwa hiyo sasa atakuwa na nyota ya tatu ya kulinganisha.